HELIKOPTA HAINA MABAWA, LAKINI LAZIMA IWE NA JINA

Wako wenzetu wasemao kwamba herufi ziandikwazo ubavuni mwa helikopta ni pambo tu, na kwamba mwenye chombo aachiwe aziandike ndogo apendavyo. Mimi nakataa, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza, herufi hizo ni jina la chombo na la nchi yake. Mwaka 1919 mataifa yalipatana mjini Paris kwamba kila ndege ichukue alama ya taifa lake: Uingereza G, Ufaransa F, Marekani N. Siku hizi ya Tanzania ni 5H, ya Kenya 5Y na ya Uganda 5X. Mapatano ya Chicago ya mwaka 1944 yaliithibitisha kanuni hiyo.

Lakini kanuni za mwanzo zilitungwa kwa ajili ya ndege zenye mabawa. Herufi kubwa ziliandikwa chini ya bawa, ili mtu aliye ardhini aweze kuzisoma. Kisha, tarehe 8 Machi 1946, helikopta ya Bell 47 ikapata cheti cha kiraia Marekani, ya kwanza ya aina yake. Tazama taabu: bawa la kuandikia halipo! Je, chombo kisamehewe? La, jina lilihamishiwa ubavuni au mkiani. Na mwaka 1983 Marekani iliamuru herufi za helikopta ziwe na kimo cha inchi 12. Zile ndogo za zamani ziliruhusiwa kubaki mpaka chombo kipakwe rangi upya.

Pili, ndege kubwa hutua kiwanjani, mbele ya maofisa. Helikopta hutua shambani au kwenye uwanja wa mpira, pasipo ofisa yeyote. Upepo wake ukiezua bati la mkulima, atamshitaki nani ikiwa jina halisomeki? Lori halisamehewi namba yake. Sembuse chombo kipitacho juu ya vichwa vyetu!

Kwa maoni yangu, kitu kipya kisisamehewe sheria kwa sababu ya umbo lake, bali sheria itafutiwe mahali pengine pa kukaa. Basi, wasomaji wenzangu, helikopta ikipita juu ya mabweni, tusiishie kupiga kelele na kupunga mikono. Tusome jina lake.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne