UVUMI USIITANGULIE TAARIFA

Mkulima wa mpunga wa Mwamkulu, katika Manispaa ya Mpanda mkoani Katavi, hana nafasi ya kukosea majira. Mvua zianzapo, hana budi awe amekwisha kujua mbolea ya ruzuku inapatikana wapi na kwa bei gani. Zamani habari hizo alizipata kwa balozi wake, katika mkutano wa hadhara, au redioni. Leo humfikia kwanza kwa simu ya mkononi, na aghalabu inayotangulia si kauli ya ofisi yenye dhamana, bali ni ya mtu asiyejulikana.

Tuseme ujumbe umezagaa katika makundi ya WhatsApp kwamba mbolea imekwisha. Ofisi inayohusika isipojibu siku hiyo hiyo, mkulima huyo atakopa fedha anunue kwa mlanguzi, au atapanda bila mbolea. Jibu likija baada ya wiki mbili litamkuta amekwisha kupata hasara. Hasara hiyo ni yake, lakini imani iliyopotea ni ya Serikali.

Ofisi nyingi za umma sasa zina kurasa zake katika Facebook, Instagram na X. Hilo ni jambo la kupongezwa. Hata hivyo, mwananchi azifunguapo kurasa hizo, mara nyingi hukuta picha za viongozi wakikata utepe, wakipokea wageni na kutoa salamu za sikukuu. Chini ya picha hizo watu huuliza maji yatarudi lini, au dawa zimefika zahanati gani. Maswali yao hukaa hapo bila jibu. Huo si uhusiano na umma. Ni ubao wa matangazo tu.

Tofauti kati ya kauli ya mapema na kauli ya kuchelewa tumekwisha kuiona hapa nchini. Mwaka 2023, watu walipokufa mkoani Kagera kwa ugonjwa ambao haukufahamika, Wizara ya Afya ilitangaza tarehe 21 Machi kwamba ni virusi vya Marburg. Wananchi walielezwa dalili na namna ya kujikinga, na tarehe 2 Juni mlipuko huo ukatangazwa kwisha. Lakini Januari 2025 mambo yalikwenda vingine. Tarehe 14, Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba ugonjwa huo ulikuwa unashukiwa kuwapo katika mkoa huo huo. Wizara ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hazikuonyesha virusi hivyo. Tarehe 20, mjini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alithibitisha kwamba Marburg imeingia Biharamulo.

Hatusemi kwamba kuna aliyekusudia kudanganya. Vipimo huchukua muda. Lakini kauli ya mwanzo ingeweza kuwa fupi na ya kweli: tunapima, hatujathibitisha, na wakati mnasubiri jikingeni hivi. Kauli ya namna hiyo haimwaibishi mtu yeyote. Kinachoaibisha ni kukana leo na kukiri kesho.

Ndugu zetu wa Visiwani wanalijua jambo hili kwa uchungu zaidi. Meli ya MV Spice Islander ilipozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikiwa safarini kutoka Unguja kwenda Pemba, taarifa za mwanzo zilitaja abiria mia kadhaa. Miezi kadhaa baadaye, tume ya uchunguzi ilieleza kwamba waliokuwamo walipita 2,000, ilhali meli hiyo haikuruhusiwa kubeba hata 700. Kwa familia iliyokuwa ikimtafuta mtu wake, hesabu ya kweli ilikuwa sehemu ya maziko.

Wako wanaoamini kwamba dawa ya uvumi ni kuufunga mlango. Mwishoni mwa Oktoba 2025, kufuatia uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Uvumi haukuzimika. Ulihamia midomoni, na hapakuwa na mahali pa kuukanushia.

Wala si kweli kwamba sisi hatujui kuzungumza na umma. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wanaokadiriwa kuwa milioni 2. Siri yake haikuwa redio peke yake. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza, wakaulizana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Chombo kilikuwa kimoja, lakini mazungumzo yalikuwa ya pande mbili. Leo vyombo ni vingi, na mazungumzo yamekuwa ya upande mmoja.

Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa juu ya mambo muhimu ya maisha yake. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayotumika Tanzania Bara, inaipa ofisi muda usiozidi siku 30 kumjibu mwombaji. Muda huo unatosha kwa hati na majalada. Kwa uvumi ulioanza asubuhi, siku 30 ni umri mzima.

Basi tunawaomba wakuu wa taasisi, Bara na Visiwani, wasimlaumu afisa habari huku wamemfunga mikono. Afisa anayengoja saini tatu ndipo aseme neno moja hawezi kushindana na simu ya kijana wa mtaani. Apewe nafasi katika vikao vinavyoamua, ajue ukweli mapema, na awe na idhini ya kusema yale yaliyothibitishwa. Apewe pia wajibu wa kurudisha ofisini maswali ya wananchi, yakiwamo yale machungu. Na kwa kuwa si kila mtu ana simu ya intaneti, taarifa hiyo hiyo isomwe redioni na kubandikwa katika ofisi ya mtaa.

Mkulima wa Mwamkulu haombi picha nzuri. Anaomba kuambiwa kweli kabla mvua hazijaanza.