Sare, Daraja na Uongozi: Neno Letu Juu ya Maskauti wa Upare



Halmashauri ya chama chetu imeletewa ombi ambalo litasomwa mbele yenu katika mkutano mkuu ujao. Walimu wanaosimamia makundi ya maskauti, hapa Same mjini na huko juu milimani, wanaomba hazina ya chama iwasaidie kununua sare kamili kwa watoto wao, yaani shati na kaptura au sketi ya kaki, kofia, mshipi, soksi, viatu na skafu. Ombi hili ni la heshima, na walioliandika ni watu wanaojitolea bila mshahara. Lakini fedha za hazina ni ada zenu, nazo hazitoshi kila jambo jema. Kwa hiyo twaona ni haki kulitoa neno letu mapema, ili kila mmoja aje mkutanoni akiwa amekwisha kulifikiri.

Neno letu kwa kifupi ni hili: fedha zitolewe, ila zisitumike kununua sare kamili. Zinunue skafu na vyombo vya kazi, na zilipie mafunzo ya viongozi. Sababu zetu twazieleza hapa chini.

Kwanza tutazame asili ya jambo lenyewe. Robert Baden-Powell, aliyeanzisha uskauti, alifanya kambi ya kujaribia mawazo yake katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwezi wa Agosti 1907. Alichukua vijana wapatao 20, wengine wana wa matajiri na wengine wana wa wafanya kazi, akawachanganya katika vikosi vinne. Ada nayo ilikuwa kwa kadiri ya uwezo: mtoto wa tajiri alilipa paundi moja, na mtoto wa mfanya kazi alilipa shilingi tatu na peni sita. Wakati huo sare ya skauti ilikuwa haijabuniwa. Kijana alitambulikana kwa skafu yake, na kwa fundo la uzi wa rangi begani lililoonyesha kikosi chake. Kambi hiyo isiyo na sare ndiyo iliyozaa maskauti wote wa dunia. Mwaka uliofuata kitabu chake kilitoka, na mnamo 1912 jambo lilikwisha fika Unguja, na Tanganyika mwaka 1917. Yeye mwenyewe alifia Nyeri, katika nchi jirani ya Kenya, mwezi wa Januari 1941, na kaburi lake liko huko.

Wenye kutetea sare wana hoja yenye nguvu, nasi hatutaki kuipita kimya. Wasema kwamba sare hufunika umaskini, kwa kuwa mtoto wa mkulima na mtoto wa bwana mkubwa wakivaa kaki moja, hakuna awezaye kuwapambanua. Hiyo ni kweli, na Baden-Powell aliisema mara nyingi. Lakini ni kweli mahali ambapo wote wanayo. Mahali ambapo nusu wanayo na nusu hawana, nguo ile ile iliyokusudiwa kuwaunganisha hugeuka kuwa ua wa kuwatenga. Tumepata kuona gwaride ambalo wenye sare walipangwa mbele kwa ajili ya wageni, na wasio nayo wakawekwa nyuma ya jengo la shule, ingawa waliokuwa nyuma ndio waliozoea kufunga kamba na kuwasha moto. Mtoto aliyefichwa siku ile amefundishwa jambo, nalo si sheria ya skauti.

Tukumbuke pia kwamba vazi hili lilipata kutumika kuwa mpaka baina ya mtu na mtu. Sheria ya nne ya skauti yasema kwamba skauti ni ndugu wa kila skauti mwingine. Hata hivyo, katika Afrika ya Kusini watoto wa Kiafrika walikataliwa kuingia katika uskauti wa Wazungu, wakafanyiwa chama chao mbali tangu mwaka 1922, kilichoitwa Pathfinder. Hata walipotambuliwa kuwa maskauti mwaka 1936, waliendelea kukaa katika tawi la peke yao, na kutengwa huko hakukwisha mpaka 1977. Sisi tusio na ubaguzi huo tusijenge mwingine kwa bei ya viatu.

Bei hiyo kila mzazi aijua. Mkulima wa tangawizi wa Mamba au Myamba akishuka na gunia lake, fedha zake zina wenyewe kabla hajafika nyumbani: ada, daftari, dawa, mbolea. Kumwambia aongeze kofia na soksi ndefu ni kumwambia mwanawe asije. Tena nchi yetu si moja. Hapa Same uwandani jua ni kali na mvua ni haba. Kule Chome, chini ya kilele cha Shengena chenye urefu wa meta 2,462, ukungu hulala mpaka saa nne na baridi huingia mifupani. Kaptura ifaayo huku haifai kule, na mtoto wa mlimani ahitaji sweta kuliko kofia. Skafu yatosha pande zote mbili. Ni kipande cha nguo ambacho fundi yeyote wa cherehani aweza kukikata, nacho humtambulisha skauti hata kama shati lake ni lile la shule. Kambini huwa kitata cha mkono uliovunjika au bandeji ya jeraha. Hakuna vazi jingine katika orodha ile lenye kazi nyingi namna hiyo.

Jambo la pili ni madaraja. Sisi makarani twajua maana ya kupandishwa cheo. Mwaka 1922 Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha chama cha watumishi wa serikali Waafrika pale Tanga, mtumishi aliweza kufanya kazi miaka mingi kwa uaminifu na njia ya kupanda ikawa haimwelekei, kwa kuwa kipimo hakikuwa kazi yake. Wazee wetu wa Upare nao walilijua jambo hilo kwa namna yao. Katika mwaka 1945 maelfu ya watu walishuka milimani wakaja kukaa hapa Same kwa sababu ya kodi iliyoitwa mbiru. Hawakukataa kulipa kodi. Walikataa kodi ya kila mtu ikadiriwe kwa macho ya watu wachache, kwa kipimo wasichoweza kukiona wala kukijadili. Basi watu wenye historia kama hiyo yafaa waangalie sana jinsi wanavyowapima watoto wao.

Vipimo vya zamani vya skauti vilikuwa wazi. Mwanagenzi alijua sheria, ahadi, ishara na mafundo ya kamba. Daraja la Pili lilimtaka awashe moto wa kuni kwa njiti zisizozidi mbili za kibiriti, apike nyama na viazi, ajue pande 16 za dira, aende maili moja kwa dakika 12 kwa kukimbia na kutembea kwa zamu, na awe na akiba ya peni sita katika benki. Daraja la Kwanza lilimtaka aogelee, afanye safari ya miguu na kuiandikia taarifa, kisha alete kijana mpya aliyemfundisha yeye mwenyewe. Kipimo hiki cha mwisho twakipenda kupita vyote. Maana yake ni kwamba mtu hapandi kwa kujua tu. Hupanda pamoja na mtu aliyemshika mkono.

Sasa tazameni mambo yalivyo katika makundi mengine. Nishani hununuliwa kwa pamoja, zikashonwa kwa pamoja siku ya sherehe, na mtoto akiulizwa alifanya nini hata akaipata, humtazama mwalimu wake. Hicho ndicho wazee walichokiita kilemba cha ukoka. Chapendeza asubuhi, na jioni kimenyauka. Mtoto aliyevikwa kilemba hicho amedanganywa mara mbili, kwanza juu ya nafsi yake, halafu juu ya dunia inayomngoja, ambayo haitampa kazi kwa sababu ya kitambaa kilichoshonwa mkononi.

Hatusemi kwamba vipimo vya Uingereza vya miaka ile vifuatwe neno kwa neno. Upare una mitihani yake. Kuwasha moto kwa njiti mbili katika ukungu wa Shengena, kwa kuni zilizolowa, ni mtihani wa kutosha kwa skauti yeyote duniani. Kutoa matope katika ndiva, lile bwawa la wazee la kuwekea maji ya mfereji, na kueleza jinsi maji yagawanywavyo baina ya mashamba, ni elimu ya nchi. Kumshusha mgonjwa kwa machela kutoka kijijini mpaka barabarani bila kumuumiza ni kazi ambayo bado yahitajiwa. Kufika kwenye msaragambo kabla ya kuitwa, na kubaki mpaka chombo cha mwisho kimekusanywa, ni sheria ya skauti kwa Kipare. Wala kupimwa kwa namna hii si jambo geni kwetu. Vijana wa zamani waliingia mshituni kufundwa na wazee. Mambo ya humo hayasemwi hadharani, lakini yajulikana kwamba mtu hakuhesabiwa mzima kwa sababu ya nguo aliyoivaa.

Jambo la tatu, na kwetu ndilo kubwa, ni uongozi. Mpango wa skauti tangu Brownsea ni wa vikosi vidogo, vijana sita hadi wanane, chini ya kijana mwenzao. Kiongozi wa kikosi hupewa kazi ya kweli: hupanga chakula, huwalaza wenzake, hujibu akiulizwa. Mkuu wa kundi husimama nyuma, akasaidia. Lakini mara nyingi mwapaonaje? Mtu mzima mmoja mwenye filimbi mbele, na watoto 60 katika mstari nyuma. Kiongozi wa kikosi ni yule aliye mrefu, au mwenye sare mpya, au mwana wa mwenyekiti. Huko ni kupiga kwata tu, na kwata haihitaji akili ya mtoto. Tena wako wakubwa wachache ambao hugeuza kikosi kuwa vibarua vya kuchota maji ya nyumbani kwao na kulima shamba lao, wakaita hiyo huduma. Huduma ni ya jirani asiyejiweza. Ya mkubwa ni kazi ya ujira, nayo ina malipo yake. Twaongeza kwamba kiongozi asikae faraghani peke yake na mtoto, na kambi isilale pasipo watu wazima wawili waaminifu, na wawemo wanawake mahali palipo na wasichana. Hayo si mambo ya kuonea haya kuyasema.

Watoto wa vikundi vya Watafuta Njia vya Waadventista, ambao ni wengi katika Upare ya Kusini, wana sare yao na madaraja yao yaliyopangwa kwa umri. Sheria zao ni nyingine, lakini maswali haya yawahusu vile vile, na wazazi wao ni wanachama wenzetu. Yafaa tujifunze kwao, nao kwetu.

Juu ya alama ya kiongozi tutaje jambo moja. Tangu mwaka 1919, mkuu wa skauti aliyehitimu mafunzo yaliyoanzia Gilwell, Uingereza, hupewa vijiti viwili vidogo vilivyotungwa katika ugwe wa ngozi, avivae shingoni. Vijiti vya kwanza vilitoka katika mkufu wa Uzulu unaosemwa kuwa wa Mfalme Dinizulu. Alama iheshimiwayo sana katika uskauti wote ni vipande viwili vya mti, tena asili yake ni Afrika. Haiwezi kununuliwa dukani, kwa kuwa thamani yake ni mafunzo yaliyotangulia.

Kwa hiyo twaliweka mbele ya mkutano shauri hili. Moja, hazina inunue skafu, zikae mikononi mwa kundi, na kila mtoto aliyetoa ahadi avae, awe na sare au hana. Mzazi mwenye uwezo wa kununua sare asikatazwe, lakini mtoto asiye nayo asiwekwe nyuma. Mbili, zinunuliwe kamba, sufuria, majembe, dira na sanduku la huduma ya kwanza kwa kila kundi. Tatu, chama kilipe nauli na ada za viongozi wawili kwa mwaka, mmoja wa uwandani na mmoja wa milimani, waende mafunzoni. Nne, vipimo vya kila daraja viandikwe na kubandikwa ukutani shuleni, ili kila mzazi avisome na kila mtoto ajue anapimwa kwa lipi.

Na la tano halihitaji senti hata moja. Wanachama wenyewe waende kuwa wapimaji. Ndugu yetu wa hospitali asimamie mtihani wa bandeji. Ndugu yetu wa misitu aulize majina ya miti. Ndugu yetu wa maji aende kwenye ndiva. Na sisi wa kalamu tusome taarifa za safari, tuzisahihishe, tuzirudishe, na mwenye taarifa mbovu aiandike tena. Jumamosi mbili kwa mwaka zatosha. Tukifanya hivyo, siku kijana atakapovishwa nishani yake patakuwapo mtu mzima asiye mwalimu wake awezaye kusema, "Huyu nilimpima mimi, alistahili."

Twajua wako watakaosema kwamba kundi lisilo na sare haliwezi kupendeza mbele ya wageni. Huenda. Lakini wazee walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wageni huondoka jioni ile ile. Watoto hubaki hapa, na baada ya miaka michache wao ndio watakaokaa katika ofisi hizi na kutunza mifereji hii. Njooni mkutanoni wote, na mwenye hoja ya kutupinga aje nayo. Tutaisikiliza.

Mhariri