Tunaomba Ikama ya Watu wa Maafa: Barua ya Wazi kwa Waziri Mkuu

Mheshimiwa Waziri Mkuu,

Ninakuandikia wewe badala ya Waziri wa Afya kwa sababu shughuli za maafa zinaratibiwa na ofisi yako, na kwa sababu ninachokiomba hakiwezi kumalizwa na wizara moja. Kila mtumishi wa umma nchini anaujua mstari wa mwisho katika orodha ya majukumu yake: kufanya kazi nyingine utakazopangiwa na msimamizi wako. Ndani ya mstari huo ndimo tulimoitupa kazi ya kuokoa na kutibu watu wakati wa maafa. Daktari wa zamu, muuguzi wa wodi ya wazazi na dereva wa gari la wagonjwa wote wana kazi walizoajiriwa kwazo. Janga likitokea wanaazimwa, likipita wanarudishwa walikotoka. Ombi langu ni kwamba kazi hii ipate watu wake, wenye kada, wenye ngazi za kupanda, na wenye nafasi katika ikama ya kila mkoa.

Huenda ukaambiwa kwamba daktari ni daktari, na aliyezoea kutibu mmoja atatibu na hamsini. Sivyo. Jengo lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, watu walinaswa chini ya kifusi kwa saa nyingi. Mtu aliyebanwa mguu na zege kwa muda mrefu, misuli yake hufa, na yaliyomo ndani ya misuli hiyo, potasiamu ikiwamo, huingia kwenye damu mara zege linapoinuliwa. Aliyekuwa akizungumza na waokoaji anaweza kusimama moyo muda mfupi baada ya kutolewa. Kinga yake ni kumtundikia dripu akiwa bado amebanwa, na wa kuitundika lazima ajue mambo mawili ambayo chuo cha kawaida hakiyafundishi pamoja: tiba, na namna ya kuingia kwenye kifusi bila kuwa majeruhi mwingine. Au chukua moto wa lori la mafuta pale Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019. Aliyeungua sehemu kubwa ya mwili hupoteza maji kwa kasi. Maji ya kumrudishia hukokotolewa kwa uzito wake na ukubwa wa eneo lililoungua, na nusu ya maji ya siku nzima yanatakiwa yaingie ndani ya saa nane za mwanzo, zikihesabiwa tangu alipoungua. Kutoka Morogoro hadi Muhimbili ni karibu kilomita 190. Asipokuwapo wa kuipiga hesabu hiyo mapema, sehemu ya saa nane hizo huishia barabarani.

Hapo bado sijagusa kilicho kigumu kuliko vyote. Ajali kubwa ina kawaida yake: wenye majeraha madogo hutangulia hospitali, kwa miguu na kwa bodaboda, wakajaza vitanda, na mahututi huletwa baadaye pakiwa hapana pa kuwalaza. Tena, katika wodi ya kila siku anayeumwa zaidi ndiye anayehudumiwa kwanza. Katika maafa, mtaalamu analazimika wakati mwingine kumpita asiyeweza kupona ili amwahi anayeweza. Uamuzi wa namna hiyo hautakiwi kujaribiwa kwa mara ya kwanza siku ya tukio.

Najua tunayo Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, na kamati kuanzia taifa hadi ngazi za chini. Sizibezi. Lakini kamati ni ya vyeo: mjumbe huingia kwa sababu ya kiti alichokalia, na akihamishwa uzoefu wake unapanda naye gari. Kamati inaweza kuagiza na kuratibu, ila haizamii majini wala haifungi jeraha. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, uokoaji ulisitishwa giza lilipoingia. Tarehe 22, siku mbili baadaye, fundi wa kivuko alitolewa akiwa hai kutoka ndani ya chombo kilichogeuka juu chini. Hakuna awezaye kuapa kwamba wengine nao wangepona. Ila mtu huyo mmoja anatosha kutuonyesha kwamba usiku ule wa kwanza haukuwa usiku wa kuopoa maiti tu.

Miaka minne baadaye, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ilianguka ziwani jirani na uwanja wa Bukoba. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 24 walinusurika, na waliowafikia kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kijana mmoja miongoni mwao akapewa ajira katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ilikuwa shukrani njema, lakini tazama mpangilio wake, Mheshimiwa: aliokoa kwanza, akaajiriwa baadaye, akafundishwa mwisho. Wapo wanaosema kwamba mwokozi wa kwanza siku zote ni jirani, kwa hiyo fedha ziende kwa jamii. Nakubaliana nao nusu. Jirani atafika kwanza milele, na ndiyo maana anahitaji mtu wa kudumu wilayani wa kumfundisha kufunga jeraha linalomwaga damu na kumgeuza aliyezimia, mwaka hadi mwaka. Semina ya siku mbili inayokuja na mfadhili na kuondoka naye haifanyi kazi hiyo.

Kwamba kada huleta matunda, ushahidi tunao hapa nyumbani. Kitengo cha kisasa cha tiba ya dharura kilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010, na mafunzo ya ubingwa yakaanza Chuo Kikuu cha Afya Muhimbili; wahitimu wa kwanza walitoka 2013. Kabla ya hapo fani hiyo haikuwa na bingwa aliyefundishwa nchini. Leo mabingwa hao wanawafundisha wengine. Hata dhidi ya magonjwa ya mlipuko tulifanya vivyo hivyo: tangu 2008 tumekuwa tukifundisha wataalamu wa kufuatilia milipuko. Marburg ilipotangazwa Kagera mwezi Machi 2023, iliishia kwa wagonjwa tisa, sita wakafariki, na tarehe 2 Juni ikatangazwa kwisha. Sababu za kuishia hapo ni zaidi ya moja, lakini ugonjwa ule ulikutana na watu ambao kuufuatilia ndiyo kazi yao, na wala si kazi nyingine waliyopangiwa.

Pingamizi zito ni la fedha: maafa hayatokei kila siku, je, tuwalipe watu wakae wakisubiri? Lingekuwa na nguvu kama ajali za mabasi na bodaboda, uchungu pingamizi na nyumba kuungua vingekuwa mambo ya msimu. Ujuzi ni uleule. Maafa huongeza idadi na vurugu. Mfumo wa m-mama umekwisha kutuonyesha kwamba mjamzito wa kijijini anaweza kupigiwa simu 115 na kupelekewa usafiri. Aliyevunjika nyonga barabarani anahitaji mpokea simu wa aina hiyohiyo na gari la aina hiyohiyo, wakati leo mwananchi anatakiwa akumbuke 112 ya polisi na 114 ya zimamoto pia, akiwa amepagawa. Fedha za mkopo wa Shilingi trilioni 1.3 wa mwaka 2021 zilitujengea majengo ya huduma za dharura, yale yanayoitwa EMD, katika hospitali nyingi. Gharama kubwa ya kuanzia, basi, tulikwisha kuilipa. Na wapo wahitimu wa afya mitaani wanaosubiri vibali vya ajira huku vituo vikilia uhaba.

Kuhusu jeshi, JWTZ limetusaidia kwenye maporomoko ya Hanang na kwingineko, na litaendelea. Ila kabla halijafika zipo saa kadhaa, na wanaokufa kwa kuvuja damu hufa ndani ya saa hizo. Na hofu kwamba tutawafundisha wakatukimbia kwenda kwenye mashirika ya kimataifa, mimi naigeuza: kijana wa leo anayeipenda kazi hii anayatazama mashirika hayo kwa sababu huko ina cheo na mshahara, na nyumbani ina posho.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Utumishi waandae muundo wa kada ya dharura na maafa, wenye ngazi za mhudumu wa gari la wagonjwa, muuguzi na daktari, na mtu aweze kupanda hadi ukurugenzi bila kuihama fani yake. Kila mkoa upewe ikama, tukianza na mikoa ya kandokando ya maziwa na bahari. Na mazoezi ya pamoja na zimamoto, polisi na hospitali yafanyike kwa ratiba, usiku pia.

Hotuba ya bajeti ya ofisi yako husomwa bungeni mwezi Aprili. Tutaisikiliza tukiitafuta idadi ya nafasi hizo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwananchi