Swala Hakusahau

Siku hizi hadithi ya swala imekuwa kama Injili. Swala anakimbizwa na duma, anaanguka kama mfu. Duma akizubaa, swala anainuka, anatetemeka mwili mzima, kisha huyoo, amerudi kula majani kana kwamba hapakuwa na kitu. Mwanadamu, tunaambiwa, amesahau kutetemeka, ndiyo maana hofu humganda mwilini ikawa kiwewe. Aliyeieneza hadithi hii ni Mmarekani Peter Levine, katika kitabu alichokitoa mwaka 1997, naye ndiye mwenye tiba inayokwenda nayo: mgonjwa halazimiki kusimulia yaliyompata, bali huelekezwa asikilize pumzi, kifua, tumbo na miguu yake, mpaka kilichoganda kiyeyuke.

Sina ugomvi na mwili. Mswahili hakungoja aambiwe na Marekani kwamba hofu ni jambo la mwili: moyo humwenda mbio, magoti humgongana, mate humkauka kinywani. Wala sisemi kwamba tiba za namna hii hazifai kitu. Mwaka 2014 Bessel van der Kolk na wenzake walitangaza matokeo ya wanawake 64 waliokuwa na kiwewe sugu. Waliofundishwa yoga walipata nafuu kuliko wenzao waliopewa masomo ya afya. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya njia ya Levine mwenyewe, iliyojaribiwa Israel kwa watu 63, nayo ikaonekana kusaidia. Ni watu wachache, lakini si haba.

Ninayemkataa ni swala. Nani alimfuata usiku ule akamwuliza kama amesahau? Huko Kanada, Liana Zanette na wenzake walivikinga viota vya ndege wadogo wa porini kwa nyavu na nyaya za umeme, adui asiweze kuvifikia, kisha wakawa wanawasikilizisha ndege hao sauti za maadui. Sauti tupu! Hata hivyo, kwa matokeo waliyoyatoa mwaka 2011, makinda yalipungua kwa asilimia 40. Hofu peke yake ilitosha. Basi tusiambiwe kwamba mnyama hujikung'uta tu yakaisha.

Msomaji atauliza, kwa nini mzee huyu abishane juu ya swala? Kwa sababu hadithi hii, ikiingia mikononi mwa mtu asiye mwangalifu, humgeukia mgonjwa. Kama swala anaweza, wewe una nini? Mwanamke aliyebakwa, au mkimbizi aliyeiona nyumba yake ikiteketea, hutoka kwa mganga wake akiamini kwamba kosa ni la mwili wake, eti umekataa kuachilia. Alionewa mara ya kwanza na aliyemtenda. Sasa anaonewa tena, na safari hii analipia.

Jambo hili linanigusa pia kwa upande wa kazi niliyoifanya. Katika chuo cha ualimu niliwaambia wanachuo mara nyingi kwamba mtoto anayeganda unapomwuliza swali si jeuri wala si mjinga. Mwili wake umekwisha kuamua kwamba mbele yake pana hatari. Sasa wapo wanaopendekeza watoto wa namna hiyo wafundishwe mazoezi ya kupumua. Mazoezi ni mazuri, sikatai. Lakini Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, na hapa Tanzania kanuni bado zinaviruhusu. Mtoto anayevuta pumzi taratibu huku ameikodolea macho fimbo iliyo juu ya meza ya mwalimu hasumbuliwi na kumbukumbu yoyote. Anaona sawasawa kabisa. Mwili wake unamwambia kweli, nasi tunataka kumfundisha asiusikilize, kisha tuite kazi hiyo tiba.

Iondoke fimbo kwanza. Halafu waje na mazoezi yao, nami nitawafungulia mlango wa darasa.