Jamaa moja katika nchi tatu: viza, dosie na ukweli wa kanisa



Katika vikaratasi vya maombi vinavyoletwa mbele kila Jumapili, ombi moja limeongezeka sana: kuombea viza. Mume yuko Marekani, mke na watoto wako Bukavu. Mama alipata nafasi ya kwenda Kanada kutoka kambi ya Nakivale, Uganda, na mtoto wake wa kwanza alibaki Rutshuru kwa bibi. Baba yuko Brussels tangu miaka sita. Kila mwezi anatuma feza za chakula na za masomo, lakini mtoto wake wa mwisho anamjua kwa simu tu.

Hawa ni washirika wetu. Walioondoka hawakuwaacha watu wao kwa kupenda. Wengi walikimbia vita, wengine walikwenda kutafuta kazi ili jamaa ile na watoto wasome. Waliahidi kwamba jamaa itafuata. Leo ahadi hiyo imekwama, na sisi kama kanisa tunapaswa kuelewa kwa nini, ili maombi yetu yaende pamoja na matendo.

Milango iliyofungwa

Kwa miaka ya karibuni, Wakongomani walikuwa kundi kubwa kuliko yote kati ya wakimbizi waliopokelewa Marekani. Katika mwaka wa bajeti wa 2024 walikaribia 20,000. Tarehe 20 Januari 2025, Rais Donald Trump alisaini amri ya kusimamisha mpango huo wa kupokea wakimbizi, na amri ikaanza kufanya kazi tarehe 27 Januari. Ndizo siku zile zile ambapo mji wa Goma uliingia mikononi mwa AFC/M23. Watu wetu walipohitaji mlango kuliko wakati wowote, mlango ulifungwa. Safari zilizokuwa zimekwisha kupangwa zilifutwa. Baadaye, kwa mwaka wa bajeti wa 2026, Marekani iliweka kikomo cha wakimbizi 7,500 tu kutoka dunia nzima, na nafasi nyingi zikaelekezwa kwa Waafrikaner wa Afrika Kusini.

Ubelgiji nayo imekaza sheria. Tangu Agosti 2025, mkimbizi aliyetambuliwa kule ana miezi 6 ya kuomba jamaa yake ije bila kudaiwa kipato na nyumba. Zamani alikuwa na miezi 12. Muda huo ukipita, masharti ya feza yanamwangukia, nayo ni mazito kwa mtu anayefagia ofisi usiku.

Uvumi umeongeza taabu. Mwezi wa Juni 2025 Marekani ilitangaza orodha ya nchi ambazo raia wake wanazuiwa kuingia. Katika vikundi vya WhatsApp ikasemwa kwamba "Kongo imefungiwa", na jamaa fulani zikaacha dosie zao. Lakini Kongo iliyoandikwa katika orodha ile ilikuwa Kongo-Brazzaville, siyo yetu. Orodha za namna hii hubadilika. Asiulizwe mtu wa WhatsApp. Iulizwe ambasade yenyewe, au mwanasheria anayefuata dosie.

Safari ya kwenda kuomba safari

Kwetu mashariki kuna mlima mwingine. Ambasade ziko Kinshasa. Tangu mwisho wa Januari 2025 uwanja wa ndege wa Goma haufanyi kazi ya abiria, na ule wa Kavumu ukafuata mwezi wa Februari Bukavu ilipochukuliwa. Mama aliyeitwa kwa mahojiano anapaswa kuvuka mpaka, kupanda ndege katika nchi jirani na kuzunguka mpaka Kinshasa, pamoja na watoto. Benki za Goma zilifungwa, kwa hiyo hata feza anayotumiwa na mumewe inapitia njia za kuungaunga. Tena karatasi iliyotolewa na utawala ambao Kinshasa haiutambui inaweza kukataliwa mezani.

Mambo haya hatuyawezi sisi. Hatuna sauti Washington wala Brussels. Lakini katika dosie nyingi ambazo washirika wametuletea ili tuwasaidie kuzisoma, tuliona jambo jingine: vita na wazungu si kizuizi pekee. Mara nyingi kizuizi ni karatasi isiyokuwepo, au karatasi isiyosema kweli. Hapo kanisa lina neno.

Ndoa bila karatasi, mtoto bila jina

Sheria yetu ya jamaa inasema wazi kwamba ndoa ya kanisani peke yake haitoshi mbele ya serikali. Ndoa ya desturi, yenye mahari na mashahidi, inakubaliwa, lakini lazima iandikishwe kwenye ofisi ya etasivili. Ni wangapi kati yetu tulifanya hivyo? Tulitoa ng'ombe au feza, tukabarikiwa na mchungaji, tukapiga picha, basi. Miaka kumi baadaye mume yuko ng'ambo, na ambasade inauliza: huyu ni mke wako tangu lini, kwa karatasi gani?

Kwa watoto ni vilevile. Mtoto anapaswa kuandikishwa ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa, na ndani ya muda huo ni bure. Zikipita, inatakiwa hukumu ya tribinali, pamoja na gharama zake. Uchunguzi wa kitaifa wa 2017-2018 ulionyesha kwamba kati ya watoto 10 wa chini ya miaka 5, ni 4 tu walioandikishwa. Kwa hiyo watoto wengi wa Sunday school zetu, kwa macho ya serikali, hawajazaliwa.

Na muda haungoji. Aliyeingia Marekani kama mkimbizi ana miaka 2 ya kuwaombea mke au mume na watoto wasiooa walio chini ya miaka 21. Aliyepelekwa Kanada kama mkimbizi ana mwaka 1 kwa ajili ya waliobaki, na kwa sharti kwamba aliwataja kabla ya kusafiri. Sharti hilo limeumiza wengi. Kule kambini mtu aliogopa kwamba kutaja mtoto aliyebaki kijijini kutachelewesha safari, akanyamaza. Alifikiri atamwita akifika. Alipofika akaambiwa: mtoto huyu hatumjui.

Uongo unaofanywa kwa huruma

Sasa tuseme jambo ambalo ni gumu kusemwa. Wachungaji na makatibu wa parokia huombwa kuandika cheti cha ndoa chenye tarehe ya nyuma, au cheti cha ubatizo chenye umri uliopunguzwa. Huombwa na watu wanaolia. Wengine kati yetu waliandika, na waliandika kwa huruma, si kwa rushwa.

Vilevile jamaa huongeza mtoto wa ndugu katika dosie kama mtoto wa kuzaa. Tunaelewa. Kwetu mtoto wa kaka yangu ni mtoto wangu. Mzazi wake akiuawa, hatumuulizi mtu kabla ya kumchukua. Lakini fomu ya ambasade inauliza habari ya damu, na siku hizi ambasade zinaweza kudai kipimo cha DNA. Kipimo kikionyesha kwamba mmoja si wa kuzaa, dosie yote inatiliwa shaka, hata ya wale wanne ambao ni wa kweli. Tumeona mama akipoteza nafasi ya wote kwa sababu ya huruma ya kumwongeza mmoja. Mtoto wa ndugu asifichwe wala asibadilishwe jina la wazazi. Atajwe jinsi alivyo, na jamaa iende tribinalini kutafuta hukumu ya kumlea. Njia hiyo ni ndefu, na haina hakika ya kufanikiwa, lakini haiwabomolei wengine.

Turudi katika Mwanzo 37 hadi 47. Jamaa ya Yakobo ilitengana kwa miaka zaidi ya 20, na mwanzo wake ulikuwa uongo: kanzu iliyochovywa katika damu ya mbuzi ili baba aamini habari isiyokuwa kweli. Ilipofika saa ya kuungana tena Misri, Yosefu hakuwafundisha ndugu zake hadithi ya kumpendeza Farao. Aliwaambia waseme kazi yao halisi, kwamba ni wachungaji wa mifugo, ingawa alijua Wamisri waliwadharau wachungaji. Na kabla ya kuingia, sura ya 46 inaandika majina yao, nyumba kwa nyumba, wana na wajukuu, mpaka wanatimia 70. Mara nyingi tunairuka sura hiyo tukisoma, tukiona ni majina tu. Mama anayengoja mahojiano Kinshasa anajua thamani ya orodha kama hiyo.

Tufanye nini

Kwanza, parokia zifungue upya vitabu vyao. Ubatizo, kuwekwa wakfu kwa watoto, ndoa: viandikwe kwa tarehe za kweli na majina kamili ya wazazi. Cheti cha kanisa hakishiki nafasi ya cheti cha serikali, lakini tribinali hukiangalia kama ushuhuda. Vitabu vipigwe picha na nakala zitunzwe mahali pengine, kwa maana tumeona ofisi zikiporwa na kuchomwa.

Pili, mtoto akiletwa kanisani kuwekwa wakfu, wazee wamuulize mzazi siku hiyo hiyo: umekwenda komini? Ikiwa siku 90 hazijapita, mmoja wa mashemasi amsindikize wiki hiyo.

Tatu, mtumishi wa Mungu asiuze maombi ya viza. Kuna mikesha ambayo mama anatoa dola 50 za "mbegu", feza ambayo ingelipa hukumu ya tribinali ya mtoto wake. Tunaamini Mungu hufungua milango. Hatuamini kwamba ametuweka mlangoni tukusanye feza ya kuingia. Na wapitishaji wanaoahidi viza ya hakika wasipewe nafasi ya kutangaza katika makusanyiko yetu.

Nne, tuwatunze wanaongoja. Mke wa mtu aliye ng'ambo husemwa kila upande: akivaa vizuri, anakula feza ya mume, akidhoofika, mume amemwacha. Watoto wake hulelewa kama wenye baba na wasio na baba kwa wakati mmoja. Umoja wa akina mama umtembelee, si kumchunguza. Na ninyi ndugu mlio ng'ambo ambao mmeanza nyumba nyingine huko huku mkimwacha huyu akingoja, semeni kweli. Kumfungia mtu katika tumaini la uongo ni dhambi pia.

Hatuwezi kuahidi kwamba viza itatoka. Jamaa fulani zitaungana mwaka huu, nyingine zitangoja hata serikali za ng'ambo zibadilike, na nyingine zitapaswa kuamua kwamba anayerudi ni yule aliyekwenda. Katika hali zote tatu, mtoto mwenye jina lililoandikwa na ndoa yenye karatasi ya kweli havipotezi kitu.

Jumapili ijayo, baada ya ibada, kila mzazi akatafute cheti cha kila mtoto wake nyumbani. Asiyekiona amwambie mzee wa kanisa kabla ya juma kwisha.

Neema ya Bwana wetu iwe na kila nyumba inayongoja.