Tusilipie Umeme Usiowaka

Wapo wasemao kwamba sheria za mazingira ni adui wa maendeleo, ya kwamba zinawafunga mikono wenye makampuni ya umeme na kuiacha nchi gizani. Sisi hatukubali. Twawaomba wananchi wayatazame mambo ya Lamu, kisha waamue wenyewe.

Kampuni moja ilitaka kujenga huko Kwasasi mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Mwaka 2016 ikapewa leseni ya mazingira. Je, umeme huo ungetumiwa na nani? Mwaka 2019 mitambo yote ya Kenya ilikuwa na uwezo wa zaidi ya megawati 2,700, na hata saa ile watu wanapowasha kwa wingi kabisa, mahitaji yalikuwa karibu 1,900 tu.

Wala ziada si ya bure. Mkataba wa mtambo ule ulikuwa wa miaka 25, na mikataba ya namna hii humtaka mnunuzi alipe ada kwa kuwa mtambo u tayari, hata ukilala bila kuwaka. Mwenye mtambo hapati hasara. Ada humwangukia mama wa Mathare na fundi cherehani wa Kisumu katika bili zao. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Ni nani aliyeuzuia mzigo huu? Si walioweka sahihi. Ni wakaazi wa Lamu, walioshtaki kwamba hawakuulizwa sawasawa. Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira iliifuta leseni, na Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Malindi ikaikataa rufani.

Yasemwa kwamba mahitaji yamepanda. Ni kweli, mapema mwaka 2025 yalipita megawati 2,300. Lakini nyongeza ya miaka yote hiyo haikufika nusu ya mtambo ule.

Hata hivyo tusijisifu mno. Shauri lilikuwa la moshi, bahari na haki ya wenyeji kusikizwa. Halikuwa la ada. Mfuko wetu uliokolewa na sheria iliyowekwa kwa ajili ya jambo jingine. Kwa hiyo twadai: kabla ya leseni yoyote kutolewa, kampuni ieleze mbele ya wananchi ni nani atakayeutumia umeme huo, na akikosekana, ni nani atakayelipa. Anayelipa ndiye wa kuulizwa kwanza.