Sheria Haingoji Mtu Afe

Mpenzi msomaji, tuseme unaishi Umoja, Kayole au Pipeline, na jirani yako wa chini amegeuza duka lake kuwa mahali pa kujazia gesi. Mtungi mkubwa amewekwa kichwa chini, mdogo uko sakafuni, na mpira umeunganisha yote miwili. Harufu yapanda hadi chumba wanamolala watoto. Ukimwuliza, anacheka: "Mama watoto, mbona unaogopa? Miaka miwili nafanya kazi hii na hakuna aliyeumia."

Jibu hilo limewanyamazisha wengi. Leo nataka ujue kwamba mbele ya sheria halina uzito.

Kifungu cha 243 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya chasema kwamba anayetenda jambo kwa pupa au uzembe, hata akahatarisha maisha ya binadamu au akaelekea kumdhuru mwenzake, amefanya kosa. Mambo yenyewe yametajwa: kuendesha gari, kushughulika na moto au kitu kinachoshika moto, kuweka mnyama bila tahadhari, kumtibu mtu na kumpa dawa ovyo, na kadhalika. Dereva wa matatu anayepanda kando ya barabara penye watoto wa shule yumo. Mwenye mbwa mkali asiyefunga lango yumo. "Daktari" wa mtaani anayedunga sindano bila kusomea yumo pia.

Sasa angalia vizuri, msomaji. Sheria hii haidai kwamba lazima mtu aumie kwanza. Kuhatarisha tu ni kosa, na kifungo chaweza kufika miaka miwili. Mtu akifa, mshtakiwa anaweza kukabiliwa na shtaka la kuua bila kukusudia, ambalo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha.

Lakini kifungo cha maisha hakimrudishi marehemu. Usiku wa Februari 1, 2024, gesi ililipuka mtaa wa Mradi, Embakasi, watu wakiwa majumbani mwao. Kufikia asubuhi watatu walikuwa wamethibitishwa kufa, na majeruhi walipita 200. Mamlaka ya kawi, EPRA, ilieleza kwamba mwaka 2023 ilikuwa imekataa maombi ya kujenga kituo cha gesi hapo. Kule Huruma nako, jumba la kukodisha liliporomoka Aprili 29, 2016, mvua ikinyesha, na kuua watu wapatao 50. Lilikuwa limekwisha kutajwa kuwa si salama. Hatari ilijulikana, na watu wakaendelea kulala pale.

Kwa nini tunanyamaza? Wengine huogopa kufukuzwa na mwenye nyumba. Wengine hupenda gesi ya bei rahisi. Msiba ukifika, tunasema ni mapenzi ya Mungu, kana kwamba Mungu ndiye aliyeshika ule mpira.

Basi ufanye nini? Anza kwa kuzungumza na jirani kwa heshima, maana huenda hajui kwamba gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na kufikia jiko la mwingine. Akikaidi, usiende peke yako. Kusanyikeni wapangaji kadhaa, mwende kituo cha polisi, na msitoke bila nambari ya OB. Habari za gesi zipelekeeni EPRA pia. Za nyumba yenye nyufa zipelekeeni kaunti na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Msimpige mtu wala kumchomea duka, kwani hapo ninyi ndio mtakaoshtakiwa.

Na kabla ya kumnyooshea jirani kidole, kagua kwako: mbwa, nyaya za umeme, na mafuta uliyoficha chini ya kitanda.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huruma hawakupata hata nafasi ya kuujenga. Jioni ya leo, kabla ya kulala, mgongee jirani mlango mwongee.